Vitabu vya kusikiliza vya fantasia na sayansi ya kubuni: msomaji mmoja ananitosha, genge la waigizaji lipelekeni redioni

Fundi_Sikio (mleta mada)

Wakuu, habari za mchana.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari usingizi nausikia kwa majirani. Mikono ina kazi, macho yana kazi, masikio yamekaa bure. Huu mwaka wa tatu nimeyapa ajira: nasikiliza vitabu. Nilianza na vile vya kujiendeleza, vya kuamka saa kumi alfajiri ili uwe tajiri, vikaniudhi, maana saa kumi alfajiri mimi niko macho kila siku na utajiri sijauona. Nikahamia kwenye majoka, wachawi na vyombo vya angani. Huko ndiko nimetua mizigo.

Hoja yangu ni moja na niko tayari kupigwa mawe. Kitabu cha namna hii kisomwe na mtu mmoja. Sitaki watu kumi na watano wanapokezana, sitaki upepo unavuma nyuma, sitaki mlango unaolia nyiii. Koo moja linanitosha.

Chukulieni Project Hail Mary ya Andy Weir, ya 2021. Inasomwa na Ray Porter, saa kama 16 hivi. Mwalimu wa sayansi anaamka ndani ya chombo cha angani, yuko peke yake, hata jina lake halikumbuki. Mbele huko anakutana na kiumbe anamwita Rocky, ambaye hana maneno kama yetu, anaongea kwa milio ya muziki. Kwenye karatasi unaona alama za noti zimechorwa, unapita. Kwenye sauti unaisikia milio yenyewe. Mwanzo ni milio mitupu, wewe na yule mwalimu wote hamuelewi kitu. Baadaye lugha inapoanza kueleweka, maneno yanakuja na milio imebaki chini yake, kama mtu anaongea huku kinanda kinapigwa chumba cha pili. Ile sehemu ya kwanza wanaelewana namba, mguu wangu ulitoka kwenye pedali. Niliporudi kazini nikashona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, na wa kulia kushoto. Sikugundua mpaka kesho yake, na shati lilikuwa limeshaondoka.

Huyo huyo Porter ndiye anayesoma mfululizo wa Bob wa Dennis E. Taylor, ulioanza 2016. Mtu amekufa, akili yake ikatiwa kwenye mashine, mashine ikajinakili, nakala zikajinakili tena. Kila nakala ni Bob lakini si Bob yule yule. Sasa hapo ukiweka waigizaji kumi umeua kitabu! Utamu wote ni kwamba ni koo moja, huyu Bob ana kiburi kidogo, yule amechoka, yule ana utani. Porter anabadilisha nywele moja tu na unajua nani anaongea.

Kinyume chake ni Dune, riwaya ya Frank Herbert ya sayari yenye jangwa. Rekodi ya 2007, msomaji mkuu Simon Vance, mtu hodari kabisa. Lakini kuna sura wameingiza waigizaji na kuna sura Vance yuko peke yake. Yule Baron, adui mkuu wa hadithi, anaongea kwa sauti moja asubuhi, jioni amekuwa mtu mwingine. Nilirudisha nyuma mara mbili nikidhani nimesinzia. Kama mmeamua kupika pilau pikeni pilau, msiniwekee sahani nusu pilau nusu ugali mkaniambia ni mapishi ya kisasa.

Na kuna hili la "alisema". Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya msomaji mmoja, kwa hiyo kila baada ya maneno kuna akasema, akauliza, akajibu. Sasa sikilizeni wanavyofanya. Dada mmoja: "Nani kafungua lango?" Msomaji: akauliza kwa kunong'ona. Kaka mmoja: "Si mimi." Msomaji: akajibu akitetemeka. Jamani, nimeshamsikia kanong'ona! Nimeshamsikia anatetemeka! Msomaji amekuwa kama yule mtu kwenye harusi anayekutafsiria kilichotokea na wewe umekaa kiti cha mbele.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia sungura, fisi, zimwi na mke wa zimwi, wote wanatoka mdomo uleule wenye meno matatu. Fisi hakuhitaji kukodiwa.

Naomba kuwasilisha. Mnasikiliza nini, na nani anasoma? Modi, msiuunganishe na ule uzi wa wapenda riwaya, kule wanagombana kuhusu mambo mengine.

Trela_Kumi_na_Nane

Ndugu yangu fundi, salaam kutoka Mombasa. Hoja nimeisikia ila nakupinga.

Mimi naendesha trela, Mombasa hadi Kampala, zaidi ya kilomita 1,100, na pale Malaba foleni ikikupenda unaweza kulala nayo. Wewe kwa cherehani ukisinzia unashona mkono upande. Mimi nikisinzia kule Salgaa mtanisoma gazetini. Sauti moja ikiniongelesha saa sita mfululizo, hata awe nani, wallahi inanibembeleza. Nataka panga zigongane. Nataka farasi akimbie kutoka sikio hili aende sikio hili. Kuna wale GraphicAudio, hao wamefanya kazi yao yote ni hiyo, kundi zima la waigizaji, muziki, vishindo, na yale "alisema" mengi wameyapunguza. Kwa barabara hakuna dawa kama ile.

Lakini nikiri moja ili nisionekane mbishi. Kitabu nilichokipenda kuliko vyote hakina vishindo. Ni The Wheel of Time, mfululizo wa fantasia, vitabu 14, zaidi ya saa 400. Wanasoma wawili, Michael Kramer na Kate Reading, ni mtu na mkewe. Sura ya mwanamume anasoma bwana, sura ya mwanamke anasoma bibi. Nimekwenda na kurudi nao mpaka turnboy wangu akadhani ni jamaa zangu wa Ulaya. Kuna mwanamke humo mkali, anavuta msuko wake kila akikasirika, mimi miaka miwili namjua kama Nainivu. Siku nimeona jina limeandikwa, Nynaeve, nikafikiri ni mtu mwingine ambaye sijafika kwake! Hilo ndilo tatizo la sisi wa masikio, watu tunawajua ila vitambulisho vyao hatujawahi kuviona.

Na majina yenyewe, hawa wawili kwa miaka ile ya mwanzo walikuwa hawajakubaliana. Bwana anatamka hivi, bibi anatamka vile, kitabu kinachofuata wamebadilishana. Nyumba moja, na hawakuulizana mezani.

kiporo_cha_jana

Nimekaa pale kwenye kona na kikombe cha chai. Endeleeni.

Binti_Makunduchi

Assalaam aleikum. Fundi umeitaja Dune umenigusa pabaya, nami niko Maskati huku mwaka wa kumi na mbili, kwa hiyo kile kitabu nimekisikia na masikio mawili, la Makunduchi na la huku.

Mzungu akisikiliza Dune anasikia maneno ya ajabu ya sayari ya mbali. Mimi nasikia jirani. Mahdi huyo sina haja ya kumweleza mtu. "Lisan al-Gaib" ni lisani na ghaibu, kila mtoto wa chuoni Unguja anajua ghaibu ni nini, ni yale tusiyoyaona. Kitabu kimeliandika kwa g tupu, likatoka limenyolewa. "Usul", jina ambalo watu wa jangwani wanampa yule kijana shujaa wa hadithi, si ni usuli yetu hiyo hiyo? Na mwandishi mwenyewe analitafsiri kuwa ni msingi wa nguzo, kwa hiyo alijua anachokichukua. "Muad'Dib" ndilo lililonichekesha, mimi nasikia adabu. Mwenye kutia adabu! Jangwa zima linamwita mwalimu wa chuo mwenye bakora. Na yule mnyoo mkubwa, "Shai-Hulud", nasikia khuldi, ile ya pepo ya milele. Kitu cha milele.

Nilimweka mume wangu dakika kumi, akaniuliza hiki ni kitabu cha dini? Nikamwambia ni cha mwaka 1965, kimeandikwa na Mmarekani, kaa kimya usikilize.

Sasa suala la msomaji. Mimi sijali ni mmoja au ishirini, najali ulimi. Watu wengi wanaosoma vitabu hivi wamefunzwa kuigiza lakini hawakufunzwa kutamka majina ya watu wa pande zetu. Wanakazia mwisho pasipotakiwa, wanameza h. Kwa kila kitabu cha fantasia chenye jangwa, mimi naomba msomaji akae siku moja tu na mtu wa Muttrah au wa Darajani, amwambie, mwanangu, sema kha. Kha ya kooni. Basi.

Nesi_wa_Zamu

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Leicester, zamu za usiku, nasikiliza nikiwa kwenye basi kwenda na kurudi, wodini hairuhusiwi.

Kwanza jambo la pesa, maana naona hakuna aliyelisema. Kwa walioko Uingereza na Marekani, usinunue kabla hujauliza maktaba ya mtaa wako. Kadi ni bure, unaiunganisha na programu ya Libby, unaazima kitabu cha sauti kwenye simu kama unavyoazima cha karatasi. Ubaya ni foleni, kitabu kinachovuma unaweza kusubiri wiki nyingi. Mimi nimejipanga foleni za vitabu sita kwa wakati mmoja, vinaingia vyote wiki moja kama ndugu wa kijijini.

Pili, spidi. Vitabu vya kazini nasikiliza kwa moja na nusu. Fantasia sithubutu. Nilijaribu kwa Piranesi ya Susanna Clarke, ya 2020, ile anayosoma Chiwetel Ejiofor, nikajiona nimemwaga maji ya kisima. Ni saa saba tu, kifupi. Mtu anaishi kwenye nyumba isiyo na mwisho, kumbi baada ya kumbi, masanamu kila ukuta, na bahari inapanda na kushuka mle mle ndani. Kitabu ni shajara yake, anaandika kila siku. Mleta mada, hapa nakuunga mkono asilimia zote, kwa sababu ni mtu mmoja anaandika peke yake, ukimletea mtu wa pili unamharibia upweke wake.

Halafu nikaona kitabu chenyewe dukani, nikafungua. Kumbe maneno mengi yameandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni, Nyumba, Masanamu, Mawimbi, kama majina ya watu. Nikagundua nilikuwa nimeshazisikia zile herufi kubwa. Ejiofor anapofika kwenye neno kama hilo anatua kidogo sana, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Hiyo ndiyo kazi ya msomaji. Ilipata tuzo ya Audie ya kitabu cha sauti cha mwaka 2021, na kwa mara moja nilikubaliana na majaji.

Mbishi_wa_Kata

Samahani, mimi ni mbishi kwa kuzaliwa. Hivi kusikiliza ni kusoma? Mnasema "nimesoma kitabu" na mmesomewa, kama watoto wa chekechea baada ya uji. Kusoma ni macho. Mengine ni redio.

kiporo_cha_jana

Huyu hapa. Nilijua atakuja. Naongeza sukari.

Mwalimu_Nukta_Nundu

Mbishi, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi pokea salamu tu.

Mimi sioni tangu kuzaliwa. Nafundisha historia sekondari huku Iringa. Shuleni nilisoma kwa nukta nundu, kwa vidole, kitabu ambacho wenzangu walikitia kwenye begi mimi nilikuwa nacho majuzuu manne mazito, nikienda nacho bwenini nasaidiwa kubeba. Kwa hiyo kama kusoma ni macho, mimi sijasoma hata aya moja na Wizara imenipa cheti kwa makosa. Tusipoteze muda hapo.

Nataka kusema jambo jingine ambalo kwangu ndilo linauma. Fundi anachagua kati ya msomaji mmoja na kumi na watano. Mimi kwa Kiswahili sina hata wa kuchagua. Mtu anaponitumia riwaya ya Kiswahili kwenye simu, anayenisomea ni mashine. Mashine imejitahidi, sikatai, miaka kumi iliyopita ilikuwa inasoma Kiswahili kama mtalii. Lakini mpe neno "barabara". Gari limepita barabara, mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kazi imefanyika barabara, mkazo unarudi nyuma, maana imebadilika. Mashine haijui hilo. Kwake kila kitu ni lami. Mhusika anasema "sawa barabara" na mimi namwona kasimama katikati ya njia kuu.

Na tunavyo vya kusoma! Watu wanasema fantasia na vyombo vya angani ni mambo ya Wazungu. Kusadikika ya Shaaban Robert ni ya 1951, nchi inaelea angani. Karama yuko kizimbani, Majivuno anamshitaki, na anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Fundi, kitabu karibu kizima ni mtu mmoja amesimama mbele ya baraza anasimulia ili asife. Kama kuna kitabu kilichoandikwa kwa koo moja ni hicho. Na Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, Dzombo anarushwa na chombo hadi kwenye ulimwengu mwingine kabisa. Litamke jina la kitabu polepole: wale ni sisi. Hilo fumbo limetengenezwa kwa sikio, jicho linaweza kulipita bila kushituka, sikio haliwezi.

Walenisi nilisomewa na mwanafunzi wangu, jioni moja moja, muhula mzima, yeye akiwa na mkate na mimi nikiwa na chai. Alikuwa na kigugumizi kidogo. Mpaka leo Dzombo kichwani mwangu ana kigugumizi, na sitaki msomaji mwingine aje kumponya.

Mbishi_wa_Kata

Mwalimu, marahaba na nisamehe. Neno nimelirudisha mfukoni.

Ila "nimesoma" na "nimesikiliza" kwenye mtihani wa fasihi vitaleta shida, mtaona.

Mzee_wa_Mawimbi

Vijana, hamjambo. Nimesoma uzi wote kwa miwani, kwa hiyo Mbishi afurahi.

Naona mnagombania kitu kimoja kumbe ni viwili. Kuna kitabu kinachosomwa na kuna mchezo wa redio. Mchezo wa redio umeandikwa tangu mwanzo kwa ajili ya sauti. Hakuna "akasema akitetemeka", mwandishi anajua kutetemeka ni kazi ya mwigizaji. Sisi tuliokua na Redio Tanzania Dar es Salaam tulikuwa na Pwagu na Pwaguzi, ukisikia wanabishana huhitaji mtu wa kukwambia sasa ameongea Pwaguzi. Na kulikuwa na Mama na Mwana, ile ilikuwa hadithi, sauti ya mama mmoja, watoto mtaa mzima wamekaa mchangani mbele ya redio ya betri. Hakuna aliyelalamika kwamba moja ina watu wengi na nyingine ina mmoja.

Hata huko kwa Waingereza ni hivyo. Ile hadithi ya kuchekesha ya mtu anayedandia vyombo vya angani na taulo lake, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, ilianza redioni BBC mwaka 1978, kitabu kikafuata 1979. Ilizaliwa kwenye sauti. The Lord of the Rings BBC waliigeuza mchezo wa vipindi 26 mwaka 1981, na Frodo, yule shujaa kijana, alikuwa Ian Holm, ambaye miaka 20 baadaye kwenye sinema alikuwa Bilbo, yaani amezeeka akawa mjomba wa nafsi yake. Mchezo ule mtamu kwa sababu waliuandika upya, hawakuchukua kitabu wakagawana mistari kama karanga.

Kwa hiyo fundi, unachokichukia hasa ni uvivu. Watu wamechukua kitabu, wakaajiri waigizaji, wakasahau kuajiri mwandishi.

Fundi_Sikio

Mzee, shikamoo. Umenikata vizuri, na kwa mkasi mkali. Nakubali. Mchezo wa redio nautoa kwenye kesi. Kiongozi wa trela naye namwachia vishindo vyake, afike salama.

Tena ngoja nijishitaki mwenyewe. Discworld ya Terry Pratchett, mfululizo wa fantasia ya kuchekesha, riwaya 41. Kuanzia 2022 zimetoka rekodi mpya. Kila kundi la hadithi lina msomaji wake, za wachawi wa kike anasoma Indira Varma, lakini ndani yake wameongeza wengine wawili. Pratchett ana tabia ya kuweka tanbihi chini ya ukurasa, na tanbihi yenyewe ni kichekesho kuliko ukurasa. Ukizisoma kwa sauti ile ile mtu anapotea, hajui umetoka wapi umeingia wapi. Wao wamempa Bill Nighy tanbihi peke yake. Unasikia hadithi, mara sauti nyingine ya mzee aliyechoka na dunia inakunong'oneza jambo la pembeni, inaondoka. Halafu kuna Mauti, ambaye kwenye karatasi anaongea kwa herufi kubwa ndogondogo bila alama za kunukuu. Hizo utazisomaje? Wamempa Peter Serafinowicz, na Mauti anaongea vilevile kila kitabu, hata msomaji akibadilika, kwa sababu kifo ni kile kile. Hapo sauti tatu zina sababu. Sikuwa na la kusema.

Kwa hiyo hoja yangu naipunguza pindo: kila sauti ya ziada ioneshe kazi yake.

Hata wingi wa sauti kwenye koo moja siyo sifa yenyewe. Roy Dotrice, aliyesoma A Game of Thrones, ameandikwa kwenye kitabu cha rekodi za Guinness kwa kutoa sauti 224 za wahusika kwenye kitabu kimoja. Mia mbili ishirini na nne! Wazee wake ni watamu, ukimsikia mlinzi wa ukuta unasikia baridi. Lakini watoto wa kike wanaongea kama babu aliyebanwa na mlango, na kati ya kitabu na kitabu wengine wamebadilika sauti, si kwamba wamekua.

Rob Inglis hakuwa na sauti 224. Alisoma The Lord of the Rings yote mwaka 1990, na zile nyimbo zote, ambazo kwenye karatasi nina hakika nusu yenu mmeziruka, aliziimba. Bila ala, mzee anaimba tu kama yuko bafuni na mlango umefungwa. Andy Serkis, yule aliyekuwa Gollum kwenye sinema, akaja kuisoma upya 2021. Serkis ni bora kwenye kila pambano, na Gollum ni wake, hakuna ubishi. Lakini anaigiza kila mtu, kila wakati, hata anayeomba chumvi. Inglis anakusimulia. Usiku wa manane, mashati 40 mbele yangu, namtaka Inglis.

Dada wa Makunduchi, hilo la kha nimeliandika ukutani. Kuna kimoja nadhani utakipenda: Binti ya Nnedi Okorafor, ya 2015, kifupi, kama saa mbili na nusu. Anasoma Robin Miles, huyo huyo aliyesoma The Fifth Season ya N.K. Jemisin. Msichana wa Kihimba kutoka Namibia anatoroka nyumbani usiku kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine, amejipaka udongo mwekundu wa kwao. Jina lake ndilo hilo, Binti. Tatizo ni la kwangu tu: kila akiitwa "Binti!" mimi nageuka mlangoni nikidhani kuna mteja anamwita mwanafunzi wangu wa kushona. Siku ya tatu na yeye akaanza kuitika.

Trela_Kumi_na_Nane

Nimeshusha hicho cha Binti, niko mizani ya Mariakani. Saa mbili na nusu haitanifikisha hata Mtito Andei na foleni hii, lakini sawa. Mwalimu, hicho cha Kusadikika mtu akikisoma, hata kwa simu, hata na kuku wanalia nyuma, nitakisikiliza safari nzima. Bila vishindo. Naahidi.

mgeni_wa_bando

Wakuu naomba kuuliza, sisi tusio na kadi za maktaba za Leicester? Bei za huko ni dola, na kuna duka moja la mtandaoni nimelipia, kitabu kikaja kimefungwa, eti hakipatikani nchi yako. Hela haikufungwa, hiyo walipokea.

Nesi_wa_Zamu

Pole ndugu. Jaribu LibriVox. Ni watu wa kujitolea wanasoma vitabu ambavyo haki zake zimekwisha, tangu 2005, bure kabisa, unashusha ukiwa kwenye Wi-Fi unasikiliza bila bando. Vipo vya H.G. Wells, The Time Machine ni kifupi, anza nacho. Ila ujue wasomaji ni bahati nasibu. Sura ya kwanza unapata mtu kama mtangazaji, ya pili mtu anasoma kama anasoma bili ya umeme. Kitabu kimoja kikiwa na rekodi kadhaa, chagua iliyosomwa na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Fundi asisikie nimesema hivyo, atavimba.

Fundi_Sikio

Nimesikia.

Mwalimu_Nukta_Nundu

Dereva, nimeongea na yule mwanafunzi wangu. Sasa ni mtu mzima, ana duka la vifaa vya ujenzi Makambako. Anasema Jumapili yuko huru, na kigugumizi bado anacho, je kuna tatizo?

Trela_Kumi_na_Nane

Mwambie Malaba hakuna anayeharakisha.

Mama_Darasa_la_Tatu

Samahanini wakuu, mimi huwa napita tu, sichangii. Lakini nimesoma post ya kwanza mara tatu. Fundi, hilo shati ulilosema limeondoka na mikono imebadilishana, ni jeupe, lina nembo ya bluu mfukoni? Maana mwanangu tangu shule ifunguliwe analalamika shati linamvuta mabegani, na mimi nimemchapa mara mbili kwamba anakaa vibaya darasani.

Fundi_Sikio

Dada yangu. Lilete kesho asubuhi, nalirekebisha bure, na mtoto aje nimwombe radhi mwenyewe. Mlango wa buluu, mkabala na muuza mihogo. Ukigonga nisisikie, nishike bega.